Kopi Ambayo Sikuitoa

Niseme mapema kabla mtu mwingine hajanisemea: mimi ndiye niliyepoteza kaburi la mama yake bibi. Sikulifukua, sikulilima, wala sikuwahi kulikanyaga, na hapo ndipo penye aibu. Nililipoteza nikiwa nimekaa mkekani, barazani kwetu Kasulu, kikombe cha chai pembeni, kwa kuandika alama moja ndogo, hii hapa: &. Wenzangu huharibu mambo kwa kuzurura. Mimi niliharibu bila hata kuvaa viatu.

Nilimaliza kidato cha nne Kibondo, matokeo yakatoka, nami nikayaelewa kwamba yananishauri nipumzike. Mwaka 2012 nikarudi Kasulu kukaa na bibi, mama yake baba. Nilipumzika kweli kweli. Shamba la maharage nililijua kwa habari. Sokoni nilikwenda pale tu chumvi ilipoisha na bibi akakataa kula mpaka niende.

Kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, aliniita mume wangu. Wageni wakija alinitambulisha, "Huyu ndiye bwana wa nyumba. Wenzangu waume zao wanapotea wiki nzima, wanatafutwa. Wangu hata nikitaka apotee, hapotei."

Mjomba wangu wa Dar ndiye aliyenipa kitu cha kuhalalisha ukaaji wangu: kompyuta ya kupakata iliyokwisha kumchosha. Betri ilishika dakika ishirini, ikibembelezwa. Kwetu hapakuwa na umeme, kwa hiyo nikawa naivusha uzio kwenda kwa jirani yetu, mama mwenye duka la vitenge, ambaye alikuwa na sola juu ya paa. Alizaliwa Ujiji. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi tulioanza na Kiha, na alikitumia kumnyoosha kila aliyepita mbele ya duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa wako? Mlaze hapo nimtundikie dripu."

Basi nikawa nakaa pale kama ndugu wa mgonjwa, nikisoma kitabu. Kitabu chenyewe nilikinunua sokoni kwa Mkongomani mmoja aliyeuza redio mbovu na vitabu vizima, au vinavyokaribia uzima. Kilikuwa cha kufundisha kuandika programu. "Kitabu hii iko ya batu ya akili, petit," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, yaani ni cha watu wenye akili, nami nikaamini kwamba amenisoma usoni. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kung'olewa kufungia karanga. Ningependa sana kusema kwamba onyo kuhusu ile alama lilikuwa kwenye kurasa za karanga. Halikuwa huko. Lilikuwa ukurasa wa katikati, nililisoma, na nikapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Onyo lenyewe si gumu. Katika programu unaweza kutenga kazi fulani, ukaipa jina, ukawa unaiita kila unapoihitaji, kama unavyomwita fundi. Fundi lazima umkabidhi kitu cha kufanyia kazi. Na kukabidhi kuna njia mbili. Ya kwanza, unamtolea kopi: anaichora, anaikata, anaigeuza atakavyo, akimaliza kopi inatupwa, na yako iko salama kama ulivyoiacha. Ya pili haina kopi. Unamwelekeza tu, "Kitu kile pale, kiendee," naye anakiendea chenyewe. Atakachokigeuza kimegeuka. Kwenye lugha niliyokuwa najifunza, ukiweka & umetoa kitu chenyewe, usipoiweka umetoa kopi. Basi.

Na watu wa kulielewa jambo hili kuliko Watanzania wenye vyeti hawapo. Vijana wa mtaani walikuja barazani niwaandikie barua za kuomba kazi, maana mwandiko wangu ulikuwa umefaulu kuliko mimi, na kila mmoja nilimhubiria: "Usithubutu kupeleka cheti halisi. Toa kopi. Halisi ibaki chini ya godoro la mama." Nilikuwa mkali. Kuna mmoja nilimrudisha kutoka barabarani, cheti kikiwa mkononi, nikamsindikiza kwa macho mpaka duka la fotokopi. Kwa macho, nasema, kwa sababu duka lilikuwa mbali.

Sasa bibi.

Bibi hakuwa mtu wa Kasulu kwa kuzaliwa. Kwao ni upande wa Kibondo, kwenye mgongo wa kilima ambapo leo hakuna nyumba hata moja. Watu wa pale walihamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, wakaacha migomba, wakaacha visima, wakaacha na wafu wao. Makaburi yalikuwa katika safu moja ndefu, kutoka chemchemi mpaka juu, kila moja na jiwe la kichwani, mawe yote yakifanana. Hapakuwa na jina lililochongwa. Jina la nini, kila mtu anajua nani amelala wapi? Mtoto alifundishwa safu hiyo kwa kupandishwa kilima: hapa fulani, msalimie, hapa fulani, msalimie. Kwetu Waha salamu hairukwi. Unainama, unapiga makofi polepole, unauliza ya nyumbani, na hata marehemu hapitwi kimya kimya.

Kufika mwaka 2013, waliokuwa wanaijua safu yote walikuwa wenyewe wamelala ndani yake au mahali pengine. Aliyebaki ni bibi. Mdogo wake alikuwa hai, babu yetu wa Kibondo, lakini mama yao alipofariki yeye alikuwa Tanga akikata mkonge, na aliporudi watu walikuwa wameshahamishwa. Hakuwahi kuoneshwa. Na bibi alikuwa na ombi moja tu duniani, alilolirudia mpaka tukaacha kulisikia: akifa, alazwe ubavuni kwa mama yake, upande wa kulia.

Kiangazi kile alianza kuniandama. "Mume wangu, twende Kibondo. Magoti bado yananisikia. Tutapanda kilima, nikuoneshe kwa kidole."

Nilikuwa na sababu. Vumbi la barabara. Kifua changu, ambacho kiliugua kila palipotajwa safari. Na kutoka Kibondo mjini, bado mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikampa jibu ambalo wakati ule niliona ni la kisomi: "Bibi, ya nini kujichosha? Nitajie tu hapa hapa. Nitaandika kuanzia chemchemi kwenda juu. Siku ikifika tunahesabu mawe."

Jirani alikuwa kwetu siku hiyo, amekaa na bibi wakichambua maharage kwenye ungo. Alininyanyulia macho. "Andika basi kwenye daftari, Bwana Mtaalamu."

"Daftari linaliwa na mchwa, mama."

"Na hicho kisanduku kinakula nini?"

Mimi nilikuwa nakiwasha.

Bibi alifumba macho akapanda kilima akiwa amekaa. Naona vidole vyake mpaka leo, vinasogeza maharage moja moja, kila jina na harage lake. Alitaja majina arobaini na moja. Kwa kila mmoja alikuwa na neno: huyu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, huyu alikufa na deni la salamu, huyu mchoyo, mpite haraka. Hayo sikuyaandika. Niliona yanajaza nafasi. Sikuandika hata namba, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio ulikuwa namba: jina la kwanza, jiwe la kwanza.

Alipofika kwa mama yake alilitaja jina, akanyamaza. Akanyamaza sana. Jirani naye akaacha kuchambua. Mimi nikaitumia nafasi hiyo kwenda jikoni kuongeza sukari kwenye chai.

Ukimya huo naukumbuka vizuri. Nakumbuka hata sukari ilikuwa imeshika unyevu. Ulikuja baada ya majina mangapi, sijui.

Wiki chache baadaye nilikuwa dukani kwa jirani, mgonjwa wangu kwenye dripu, yeye akikunja vitenge. Akaanza. "Hebu niambie, hicho kinafanya nini ambacho daftari haliwezi?"

Swali hilo lilinichoma pale pale penye fahari. Nikamwambia asubiri. Nikaandika fundi wangu wa kwanza wa maana, nikamwita Pangilia: unamkabidhi orodha, anaipanga kwa alfabeti. Na nilipofika mahali pa kuamua, kopi au kitu chenyewe, nikaweka &. Sikusahau onyo. Nilifanya makusudi, kwa sababu kitabu kilisema pia kwamba kutoa kopi ya kitu kikubwa kunaichelewesha mashine, na wataalamu huepuka. Kitu kikubwa! Majina arobaini na moja ya wakulima. Ile kompyuta, hata kwa uzee wake, ingeyanakili kabla sijafumba jicho. Lakini nilitaka kuandika kama wataalamu.

Nikabonyeza. Majina yakajipanga, A juu kabisa, Z chini. Jirani akaacha kitenge, akasogea.

"Loo. Yamekaa kama askari."

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Haya, yarudishe yalivyokuwa."

"Hayajaondoka, mama. Halisi iko kwenye faili. Hii unayoona ni kopi tu."

Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya mwalimu. Kisha nikaifunga programu. Na programu yangu, ambayo nilijisifu kuiandika isisahau kitu, kila ilipofungwa iliandika orodha yake upya kwenye faili. Ikaandika ile iliyokuwa nayo. Sikufungua faili kuangalia. Kwa nini mtu aangalie kitu anachokijua? Badala yake, siku hiyo hiyo, kwa bidii ambayo sina kawaida nayo, nikalihifadhi faili kwenye flashi mbili na nyingine moja nikamwachia jirani kwenye droo ya duka. Kopi tatu. Nilikuwa mtu makini.

Bibi alifariki masika ya mwaka 2014, asubuhi, akiwa ameomba uji na kuukataa kwa kuwa ni mwepesi. Babu alifika kutoka Kibondo kabla ya saa sita, matope mpaka magotini. Wanaume wakakaa barazani kupanga. Swali lilikuwa moja, na lote lilinielekea mimi.

"Mjukuu," babu alisema, "dada aliniambia amekuachia safu."

"Ipo, babu." Na nisiwafiche, ndani ya msiba ule nilijisikia mkubwa kidogo. Kwa mara ya kwanza ukoo mzima ulikuwa unangoja kitu kutoka kwangu. Nikaleta kompyuta, nikafungua faili mbele yao.

A juu kabisa. Z chini.

Nikafungua flashi ya kwanza, ikawa vile vile. Ya pili hivyo hivyo. Nikavuka uzio mbio, mbio za kweli, jirani akaniona nakimbia akadhani kuna maiti ya pili. Akanitolea flashi kwenye droo bila kuuliza. Nilirudi nayo, nikaichomeka: A juu, Z chini. Nilikuwa nimelitunza kosa langu katika kopi tatu safi.

Babu hakupiga kelele. Aliomba nimweleze, nami nikamweleza, vibaya, kwa maneno mengi: kwamba kuna njia mbili za kukabidhi, kwamba nilidhani halisi imebaki salama kwenye faili.

"Kwa hiyo ile mashine uliipa cheti chenyewe."

"Ndiyo, babu."

"Ikakichana, ikakushonea kingine."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. "Unakumbuka hata kidogo? Mama yetu alikuwa mwanzoni? Katikati?"

Nilikumbuka jina la kwanza, la yule aliyelala karibu na chemchemi, kwa sababu nililikosea kuandika mara mbili. Nilikumbuka la mwisho, kwa sababu betri ilikuwa inakufa. Kati ya hayo kulikuwa na majina thelathini na tisa, na ukimya mmoja, na bakuli la sukari.

Tulikwenda hata hivyo. Sanduku kwenye gari dogo la mizigo, turubai juu yake, mvua ikitufuata mpaka Kibondo. Mahali gari liliposhindwa, vijana wakabeba. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda kilima kile, na nilikipanda nikiwa nyuma ya bibi, ambaye mwaka uliotangulia alitaka kukipanda mbele yangu.

Mawe yalikuwepo. Watu wa kijiji cha jirani walikuwa wamelima mihogo mpaka ukingoni mwa safu wakaiacha safu yenyewe, hawakugusa. Wageni wasiomjua hata mmoja wa waliolala pale walikuwa waangalifu kuliko mimi. Nilihesabu, nikapata arobaini na moja. Orodha yangu ilikuwa sahihi kabisa kwa idadi.

Babu alisimama kwenye jiwe la kwanza. Akavua kofia. Hakujua mama yake ni lipi, na mama haachwi bila kusalimiwa, hasa na mwana aliyepishana naye tangu ujana wa mkonge. Basi akawasalimia wote. Aliinama kwenye kila jiwe, akapiga makofi yale ya polepole, akauliza ya nyumbani kwa Kiha, akangoja kidogo, akasogea kwenye linalofuata. Arobaini na moja. Sisi tumesimama na sanduku kwenye mvua. Hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe. Kila alipoinama nilijiuliza kama ni hili, na kila aliponyanyuka uso wake haukuniambia kitu, kwa kuwa naye alikuwa hajui.

Tulimzika bibi juu kabisa, baada ya jiwe la mwisho, palipokuwa na nafasi. Kulia kwake hakuna mtu. Kushoto kwake yuko yule mchoyo, au si mchoyo, sina hakika. Hata hilo sikuliandika.

Baada ya arobaini nilifanya anachofanya kila mjinga aliyechelewa: nilirekebisha. Nilifungua programu, nikaitafuta ile alama, nikaifuta. Ni kubonyeza mara moja tu. Nikajaribu kwa majina ya mboga: mchicha, bamia, nyanya. Pangilia akapanga kopi yake, akaitupa, na mboga zangu zikabaki nilivyoziandika. Programu ikawa nzuri, haina kasoro. Nikaitazama ile orodha ya kilima, imekaa kwa alfabeti yake, salama salimini, hakuna atakayeigusa tena.

Tangu hapo nikawa na hadithi, nami niliisimulia kwa kila aliyekaa mkekani. Niliboresha. Kwenye mdomo wangu ile & ilikua ikawa na meno. Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikuwa naisimulia tena dukani kwa jirani, mgonjwa wangu kwenye dripu, mbele ya mteja aliyekuja kutafuta kitenge cha harusi. Nilimchorea mteja alama yenyewe kwenye karatasi ya risiti. Nikamwambia, "Dada yangu, hiki ndicho kilichotupotezea kaburi. Hiki kidogo hiki. Kisingekuwepo, bibi yangu leo angekuwa amelala ubavuni kwa mama yake."

Mteja akasikitika, akasema kompyuta ni kitu cha hatari. Akalipa akaenda zake.

Jirani alikuwa anakunja vilivyobaki, amenipa mgongo. Nilidhani hakusikia. Akamaliza kukunja, akaichukua ile karatasi yangu kwenye meza, akaitazama mbele na nyuma, akaifinyanga.

"Wewe mtoto, acha kukisingizia hiki kidudu. Bibi yako alikwambia twende nikuoneshe, ukamwambia nitajie hapa hapa. Ungevaa viatu siku ile, hata kompyuta ingeungua moto tungemlaza kwa mama yake."